Bugali wa Jubilei

Nyumbani kwa Papa Josué, kule Nguba ambako barabara zinateremka mpaka ziwani, siku ilianza na madumu. Bomba lilitoa maji alfajiri tu, na aliyechelewa alibaki akilisikiliza likikohoa hewa. Kazi ya maji ilikuwa ya Laurette, binti yake wa miaka kumi na miwili. Alijaza madumu, akamnawisha uso mdogo wake Dany, akavaa sare ya bluu na nyeupe, kisha akapanda kilima kwenda shule huku akitafuna andazi.

Laurette alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye akili na maneno mengi. Walimu walimpenda. Kasoro yake ilikuwa moja: hakupenda kabisa mtu ajue kwamba ameshindwa jambo. Akivunja kikombe, basi kikombe kilianguka chenyewe. Akipata alama mbaya, basi kalamu haikuwa na wino. Uongo wake ulikuwa mdogomdogo, wa kuchekesha, na kwa kuwa ulichekesha, hakuna aliyeushughulikia.

Mwaka ule babu na bibi yake, wazazi wa Papa Josué, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Bukavu watoto wengi huwaita wazee wao koko, awe babu au bibi, na hawa waliitwa Koko Cirhuza na Koko Apolline. Familia yote ilikuna kichwa ikitafuta namna ya kuwafurahisha. Wazo likatoka kwa tantine Mapendo, dada mdogo wa Papa Josué, fundi cherehani ambaye hakuna sherehe iliyompita bila yeye kuitia mkono.

"Tufanye karamu ya wakati yao!" alisema, macho yakimng'aa. "Tuvae kama batu ba wakati ile, tukule mu sahani za wakati ile, tucheze miziki ya wakati ile. Na telefone zote zibaki mu kitunga pale ku mulango. Wakati ile nani alikuwa na telefone?"

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Papa Josué alitafuta abakosti ya marehemu rafiki yake, lile koti la mtindo wa zamani lisilovaliwa na tai. Mama Laurette aliazima sahani za bati zenye maua mekundu kwa majirani. Gramafoni ya Koko Cirhuza ilitolewa chini ya kitanda, ikafutwa vumbi, ikakwaruza kidogo, kisha ikaimba. Tantine Mapendo naye alishona vitenge usiku na mchana, akawaambia wasichana wote wasuke nywele kwa uzi, zisimame juu ya kichwa kama za mama zao katika picha za zamani.

Lililobaki lilikuwa chakula. Koko Cirhuza, ambaye kwa kawaida hakuomba kitu, aliomba kimoja tu. Alitaka bugali, ndio ugali, wa mihogo kama ule aliokula siku ya arusi yake: mihogo ilowekwe nyumbani, ianikwe nyumbani, itwangwe kwa kinu. Unga wa mashine, alisema, una ladha ya mashine. Tantine Mapendo hakungoja kuambiwa mara mbili. Alishuka mpaka Luvungi, akarudi na gunia la mihogo mibichi, ile michungu, inayotoa unga mzuri kuliko yote.

Jumapili baada ya misa, Koko Apolline alikuja kulitazama gunia. Mwenyewe hakuruhusiwa kushika kazi, kwa sababu bibi arusi hapiki karamu yake, hata kama ana wajukuu tisa.

"Nani atafanya mihogo?" aliuliza.

"Mimi, koko!" Laurette aliruka. "Mimi peke yangu. Mutaona!"

Mama yake alitikisa kichwa. "Laurette, ile kazi haiko muchezo."

"Maman, niko mukubwa!"

Koko Apolline alimtazama mjukuu wake, akacheka, akamvuta karibu. Kisha akaacha kucheka, akaongea polepole. "Sikiliza muzuri. Umenye leo, uweke mu maji leo. Usihesabu siku, angalia muhogo. Ukiufinya na vidole na unavunjika wenyewe, iko tayari. Kama ungali mugumu, usiutoe. Muhogo huu uko na sumu ndani, na ile sumu inatoka mu maji. Moto peke yake hauimalizi. Umesikia?"

"Nimesikia, koko."

Na kweli alisikia. Tatizo halikuwa masikio.

Gunia lilikuwa bado halijafunguliwa wakati rafiki yake Déborah alipopiga hodi. Wasichana walipaswa kucheza dansi ya zamani mbele ya wazee, na Déborah alikuwa amejifunza hatua mpya. Laurette alilisukuma gunia nyuma ya mlango wa jiko. Nitamenya jioni, alijiambia. Jioni alikuwa amechoka. Jumatatu kulikuwa na mtihani wa hesabu. Jumanne, akiwa anafagia jiko, ufagio uligonga gunia, na ndipo alipokumbuka.

Alimenya mihogo ile kwa haraka mpaka akajikata kidole. Akaitumbukiza katika pipa, akafunika, akajisemea kwamba siku si nyingi zilizopotea. Mama yake alipouliza siku iliyofuata kama mihogo inaendelea, alijibu, "Inaendelea, maman." Huo haukuwa uongo, ila ukweli nao haukuwa mwingi ndani yake.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi, mvua ile ya Bukavu inayofanya watu wasahau kwamba kuna jua. Karamu ilikuwa Jumamosi. Laurette alifunua pipa, akatia mkono, akafinya muhogo. Ulikuwa mgumu. Akafinya mwingine. Nao mgumu. Alikaa pale kando ya pipa, vidole vikimwasha kwa baridi, akifikiri. Akiiacha mihogo ndani ya maji, haitakauka. Isipokauka, hakutakuwa na unga. Pasipokuwa na unga, watu wote watajua kwamba Laurette aliyeruka na kusema mimi peke yangu alikuwa anacheza dansi. Tantine Mapendo atalisimulia jambo hilo mpaka arusi ya Dany.

Angeweza kumwambia mama yake. Mama alikuwa chumba cha pili, akipiga pasi. Laurette alisimama, akafika mlangoni, akarudi.

Akachukua kisu. Mihogo iliyokataa kuvunjika kwa vidole aliikata vipande vyembamba, akavipanga juu ya waya, akaviweka juu ya mbabula, lile jiko la mkaa, vikaukie hapo. Jioni ile na kesho yake alivigeuzageuza mpaka vikawa vikavu, vyeupe, vya kupendeza macho. Wazee wanapenda kutisha watoto, alijiambia. Moto utaimaliza sumu. Lazima utaimaliza.

Ijumaa Koko Apolline alipiga simu kutoka kwake Kadutu. "Mihogo ilivunjika na vidole?"

Laurette alikitazama kisu kilichokuwa bado mezani. "Ndiyo, koko. Ilivunjika muzuri."

"Mutoto muzuri," koko alisema, na simu ikakatika.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imekoma. Laurette alikuwa uani na kinu, mchi ukipanda na kushuka, unga ukirukaruka mpaka kwenye nyusi zake. Dany, mwenye miaka mitano, alikuwa anamzunguka kama kuku. Mara akachota kipande kimoja cha muhogo kwenye ungo, akatia mdomoni. Akachota kingine. Mfuko wa kaptula yake ulikuwa tayari umejaa.

"Dany, acha!" Laurette alipiga kelele.

Mtoto alicheka, akajaza mashavu, akakimbia nyuma ya nyumba. Laurette aliuacha mchi, akapiga hatua chache kumfuata, kisha akasimama. Akimfuata, mama atauliza kwa nini. Vipande vichache havitamdhuru, aliwaza, na akarudi kwenye kinu. 

Mchana Koko Apolline aliingia jikoni. Alichota unga kwa vidole, akausugua, akaunusa. Akaunusa tena. "Huu unga hauna harufu," alisema. "Unga wa mihogo iliyolowa unanukaka. Laurette, una hakika ilikaa mu maji vizuri?"

Laurette alijipangusa unga kwenye nyusi. 

"Niliosha sana, koko. Ndiyo maana."

"Maman, watoto wa leo wanaoshaka kila kitu!" tantine Mapendo aliingilia, akamshika mama yake mkono. "Njoo, bibi arusi, ukavae. Batu watakuta uko na kandambili."

Kikongwe alicheka, akaongozwa chumbani. Laurette alibaki jikoni na kinu, na kwa mara ya kwanza alitamani mtu amgundue. Hakuna aliyemgundua. Wote walikuwa na haraka.

Jua lilipoanza kuegemea milima ya ng'ambo, wageni wakafika, na ungedhani picha za ukutani zimeshuka na kuanza kutembea. Wanaume walikuwa na suruali zilizobana mapajani na kupanuka miguuni kiasi cha kufagia sakafu. Wanawake walivaa viatu vya soli nene, wakatembea kwa hadhari kama wanaovuka mto juu ya mawe. Jirani yao, Papa Blanchard, alikuja na gari lake dogo la zamani ambalo hulitoa kwa sherehe tu, akaliegesha mbele ya lango ili kila mtu alione. Tonton Philémon, muuguzi wa kituo cha afya na rafiki mkubwa wa familia, alivaa wigi la nywele za mviringo, watoto wakamcheka mpaka wakajishika mbavu. Simu zote ziliingia katika kitunga, kile kikapu cha mlangoni. Taa za kandili ziliwashwa. Gramafoni ikaimba.

Katikati ya meza, chini ya kitambaa cheupe, kulikuwa na bugali.

Laurette aliupitia ule bugali akienda na kurudi, akibeba sombe ya majani ya mihogo, akibeba sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaangwa, akibeba maharage. Kila mgeni alimpongeza. "Ni wewe ulifanya unga? Mutoto mudogo hivi! Bravo!" Kila pongezi ilimchoma. Alitabasamu kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake.

"Dany iko wapi?" mama yake aliuliza ghafla.

"Alisema tumbo inamuuma, akalala," alijibu Papa Josué. "Alikula mandazi mingi kwa kina Déborah."

Laurette aliweka bakuli chini. Aliingia chumbani mbiombio. Dany alikuwa amejikunja kitandani, shuka limelowa matapishi. Alikuwa anapumua harakaharaka, na midomo yake ilikuwa imepoteza rangi.

"Yaya," alimnong'oneza dada yake, "kichwa inazunguka. Nyumba inazunguka."

"Maman!" Laurette alipiga kelele. "Maman! Njoo!"

Mama alikuja, na nyuma yake tonton Philémon akiwa na kandili, na nyuma yao Koko Apolline katika kitenge chake kipya. Muuguzi alivua wigi, akapiga magoti. Alimgusa mtoto paji la uso, akamshika mkono, akamwangalia macho.

"Homa hana," alisema, akikunja uso. "Alikula nini leo?"

"Mandazi," alisema mama. "Mandazi ile ya asubuhi."

"Mandazi peke yake? Kama ni mandazi, tumupatie maji ya sukari na chumvi, tungoje kidogo."

Tungoje. Neno lile lilimwingia Laurette kama maji ya baridi. Alitaka kusema, akageuka.  Mlangoni walikuwa wamesimama wageni watatu, nyuso zao zikimwelekea, na tantine Mapendo katikati yao.

"Tumbo iko tupu, ndiyo maana anazimia," alisema Koko Apolline kwa huruma. "Mupatieni bugali kidogo ishike tumbo."

Tantine Mapendo alikimbia, akarudi na sahani ya bati yenye tonge la bugali linalotoa mvuke. Mama akalipokea, akakata kipande kidogo, akakipuliza kipoe, akamwinua Dany kichwa. Mtoto, kwa utii wake, akafungua mdomo.

Laurette aliipiga ile sahani kwa mkono wake wote. Iliruka, ikagonga ukuta, ikaanguka kwa kishindo, na bugali ukatapakaa sakafuni.

"Usimupe!" alilia. "Usimupe, maman! Iko na sumu!"

 Sebuleni gramafoni iliendelea kuimba wimbo wa mapenzi mpaka mtu mmoja alipoinua sindano.

"Unasema nini?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

Maneno yakamtoka Laurette yote kwa pamoja. "Nilisema bongo, niliwadanganya. Mihogo haikulainika. Niliiweka mu maji siku ya Jumanne, niliitoa Alhamisi, ilikuwa mugumu, nikaikata na kisu, nikaikausha ku mbabula. Koko aliniuliza na mi nikasema bongo. Na Dany alikula vipande leo asubuhi, vingi, nilimuona, alikuwa navyo mu mufuko. Nilimuona na nikanyamaza." Alishindwa kupumua kwa kulia. "Watu bote wasikule ile bugali!"

Papa Josué aligeuka, akakimbilia sebuleni. "Musiguse meza! Kuna mutu alishakula?" Sauti zikajibu kwamba hapana, walikuwa wanangoja sala. Mama alikuwa amemkumbatia Dany, akimtazama Laurette kwa macho ambayo Laurette hakuwahi kuyaona.

Tonton Philémon peke yake hakushangaa wala hakufoka. Alikuwa amekwisha simama. "Laurette, niangalie. Asubuhi saa ngapi?"

"Maman alikuwa alisharudi toka soko. Mchana ilikuwa bado."

"Alikula mibichi, ile ya kukausha tu, haijapikwa?"

"Ndiyo, tonton."

"Hapa hakuna kungoja. Twende hospitali. Na wewe unakuja, docteur atakuuliza."

Simu ya Philémon ilikuwa chini kabisa katika kitunga, na simu thelathini zilimwagwa sakafuni mpaka ikapatikana, ili aiarifu hospitali kwamba wanakuja na mtoto aliyekula mihogo yenye sumu. Taksi hakuna aliyeiona barabarani. Papa Blanchard akafungua gari lake la zamani, wakaingia, akazungusha ufunguo. Gari likaguna, likanyamaza. Akazungusha tena. Likanyamaza moja kwa moja.

"Tusukume!" alipaza sauti Koko Cirhuza. Na bwana arusi mwenyewe, katika abakosti yake, akaegemeza mikono nyuma ya gari. Wanaume wakavua viatu vyao virefu, wakakunja suruali zao pana, wakasukuma. Gari likaanza kuteremka polepole, kisha kwa kasi, likashtuka, likakohoa moshi, likawaka. Siku nyingine watu wangecheka mpaka machozi. Siku ile hakuna aliyecheka.

Ndani ya gari Dany alikuwa mapajani mwa mama. Macho yake yalikuwa yanafumba.

"Dany, usilale," Laurette alimwambia, akimshika mguu. "Dany, niambie jina ya mwalimu wako. Niambie."

"Mwa... limu Sophie," Dany alisema, na hakusema tena.

Hospitalini daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliwapokea mlangoni. Aliuliza, na Laurette akajibu, mbele ya mama yake, mbele ya wauguzi, bila kupunguza neno: nini, lini, kiasi gani, na kwamba alijua. Kila jibu lilimuuma, na bado alilitoa. Dany akachukuliwa ndani, akawekewa oksijeni na dripu ya serumu mkononi, mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi.  Mama hakumpiga, hakumgombeza, hakumtazama, na Laurette aliona ingekuwa afadhali apigwe. Alijaribu kusali lakini akili yake ilirudi kila mara kwenye mashavu ya Dany yaliyojaa vipande vya muhogo. Kama angemfuata. Hatua chache tu nyuma ya nyumba, na angemfikia.

Mlango ulipofunguliwa, mama alisimama kabla daktari hajatoka.

"Anapumua vizuri sasa," daktari alisema. "Ameomba maji. Atalala hapa leo, kesho mtamchukua." Mama alikaa tena, akafunika uso wake kwa kitenge. Daktari akamgeukia Laurette. "Mihogo michungu ina sumu ambayo haionekani wala haiondoki kwa kupikwa tu. Inaondoka kwa kuloweka mpaka mihogo ilainike, na kuikausha vizuri. Kila mwaka napokea watu walioharakisha, na wengi wanaowaleta hawajui kilicholiwa, au wanajua na wanaona haya. Tunapoteza muda tukitafuta. Ninyi mlipofika, tulijua la kufanya tangu mlangoni."

Wageni walikuwa hawajaondoka. Walikaa nyumbani kwa Papa Josué na njaa yao, katika nguo zao za zamani, wakingoja habari. Habari njema ilipofika walipiga makofi, wakashukuru Mungu, wakala ndizi za kuchemsha zilizoletwa na Mama Blanchard. Bugali wote na unga uliobaki, Papa Josué alichimba shimo refu akaufukia, kuku wala mbwa asiuguse.

Jumapili Dany alirudi nyumbani amebebwa mgongoni, akiuliza kama mandazi yamebaki. Karamu ilihamishiwa mchana ule, bila wigi wala suruali pana, watu wa nyumbani tu. Laurette hakutoka jikoni. Alikuwa ameinama juu ya beseni la viazi vitamu, akiosha, macho yake yamevimba.

Koko Apolline aliingia, akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake.

"Nilikuuliza ku telefone, nikakuuliza tena jana hapa," alisema koko. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo lilimfanya Laurette aanze tena kulia. "Kama ungeniambia siku ile ya Jumanne, tungefanya nini? Tantine yako angekucheka. Tungenunua unga ku soko. Muzee angenung'unika kidogo, angekula, angenyamaza. Ni hiyo tu uliyokuwa unaogopa, mutoto wangu. Kicheko cha siku moja."

"Nisamehe, koko."

"Nilishakusamehe. Lakini uniskilize. Kushindwa kazi haiko zambi. Mimi nilishindwa kazi mingi. Lakini bongo inafunika kosa, na kosa chini pale inaendelea kufanya kazi yake. Jana ukweli yako ilimukuta Dany angali anapumua. Kama ungengoja tena kidogo, ingetukuta ku matanga, na hapo hata ungelisema mara mia, haingesaidia mutu."

Laurette aliinua uso. Mama alikuwa amekuja, amechutama kando yake. Tangu hospitali hakuwa amemwambia neno. Sasa alimfuta machozi kwa pembe ya kitenge chake.

"Ilikuwa mugumu kusema mbele ya batu bote," mama alisema. "Niliona. Kesho useme mapema, haiyakuwa mugumu."

 Sebuleni Koko Cirhuza alikuwa anauliza kwa sauti kubwa kama bibi arusi wake amemkimbia. Koko Apolline alicheka, akajiinua, akalivuta beseni.

"Haya, batu wana njaa. Viazi uliosha yote?"

Neno ndiyo lilikuwa tayari limekaa mdomoni mwa Laurette, jepesi, limezoea njia. Akalimeza.

"Hapana, koko," alisema. "Zile za chini bado."

"Basi sogea," alisema koko, akikunja mikono ya nguo yake ya bibi arusi. "Tuoshe pamoja."